Mhasibu Aliyejiombea Ukarani

Aliponijia mara ya kwanza, Juni 2023, alikuwa amebeba faili lenye nakala za barua 37 za maombi ya kazi. Alikuwa amezipanga kwa tarehe, kila moja imebanwa pamoja na tangazo lake. Hiyo ilikuwa miezi mitano ya kuomba. Kati ya barua hizo 37, moja ilimfikisha kwenye usaili na nyingine ilimletea simu ambayo haikuzaa kitu. Zilizobaki zote zilikuwa kimya. Nilizisoma mbele yake, na kabla sijafika ya kumi nilishaona jambo ambalo yeye hakuliona: mhasibu mwandamizi alikuwa akiomba kazi za karani.

Naandika kisa hiki kwa ridhaa yake. Nimeondoa chochote kinachoweza kumtambulisha, na mahali pa jina lake nitasema tu mama huyu. Kazi yangu ni kuwashauri watu wanaotafuta ajira, na wengi wanaonijia ni wanawake waliokaa nyumbani kulea. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kilinilazimisha kubadili nilivyolielewa tatizo lenyewe.

Mama huyu alifanya kazi ya uhasibu kwa miaka 9. Alianza akiwa msaidizi, akaishia kusimamia watu wanne na kufunga hesabu za kila mwezi. Aliacha kazi Mei 2015, akiwa na mtoto mmoja na mwingine njiani. Wa tatu alifuata baadaye. Hakufukuzwa wala hakuugua. Yeye na mumewe walikaa chini, wakapiga hesabu ya malezi, wakaamua. Kitinda mimba alipoanza shule mwanzoni mwa 2023, alianza kutafuta kazi.

Wasifu wake ulianza na mstari huu: "Mama wa nyumbani, 2015 hadi sasa." Uhasibu ulikuwa ukurasa wa pili. Barua yake ya maombi, ambayo hakuibadilisha sana kutoka tangazo moja hadi jingine, ilifunguka hivi: "Naomba radhi kwa kuwa sijafanya kazi kwa muda wa miaka minane." Kati ya zile nafasi 37, nafasi 31 zilikuwa chini ya kiwango chake kabisa: kuingiza takwimu, mapokezi, msaidizi wa masjala. Nilimuuliza kwa nini.

"Dada, nimekaa nje muda mrefu," alisema. "Bora nianze chini nipande taratibu. Nani atanipa kazi ya juu?"

Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, na kila mara inaniuma, kwa sababu inatamkwa kama unyenyekevu wakati ni hasara. Mtu anayechambua maombi akikuta aliyewahi kusimamia idara anaomba kupokea simu, haoni unyenyekevu. Anajiuliza kuna nini hapa. Ama huyu ana dosari anayoificha, ama anatafuta pa kujishikiza na ataondoka akipata kingine. Kwa njia zote mbili barua inawekwa kando. Kujishusha hakukumpunguzia mashaka ya mwajiri, kulimwongezea.

Usaili mmoja

Usaili wake wa pekee ulikuwa Machi. Nilimwomba anisimulie hatua kwa hatua, kwa sababu mtu aliyeitwa mara moja katika 37 ana habari moja tu ya thamani, nayo imo ndani ya chumba hicho.

Walimkalisha mbele ya kompyuta, wakampa taarifa ya benki na daftari la fedha la mwezi mmoja, na dakika 45 za kusuluhisha hizo mbili, yaani kuzilinganisha mpaka zikubaliane. Mikono ilimtetemeka. Alilinganisha safu mbili za takwimu kwa VLOOKUP, fomula ya Excel aliyoizoea, na kijana aliyemsimamia akamuuliza kwa nini hatumii ile mpya, XLOOKUP. Hakuwahi kuisikia, maana Microsoft waliitangaza mwaka 2019 na yeye alikuwa ameondoka miaka minne kabla. Hapo, anasema, alihisi jasho mgongoni.

Lakini aliendelea. Mwishoni hesabu mbili zilikuwa zinatofautiana kwa 270. Hakuanza kupekua mstari kwa mstari. Aliigawa 270 kwa 9, ikagawanyika sawasawa, akajua mara moja atafute nini: tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu mbili zilizopishana wakati wa kuandika. Dakika mbili baadaye aliipata hundi ya 4,850 iliyoingizwa kwenye daftari kama 4,580. Alimaliza kazi yote kwa dakika 25. Yule kijana, anavyokumbuka, alisogeza kiti karibu akamwomba amweleze tena hiyo ya 9.

Kisha wakaingia chumba cha pili, kwa mkuu wa idara. Maswali matatu kuhusu kazi yalipita vizuri. La nne lilikuwa hili: "Na watoto wakiugua?"

"Nitaangalia," alijibu.

Hawakumpigia tena.

Nilimwomba arudie sehemu hiyo mara mbili, kwa sababu mpaka siku hiyo ushauri wangu kwa wanawake wa aina yake ulikuwa umejengwa juu ya ujuzi. Nilikuwa nawaambia wachukue kozi, wanoe kompyuta, wapate cheti kipya. Huyu alikuwa ameonyesha ujuzi mezani, mbele ya macho yao, na bado akakosa. Ofisi ile haikuwa na shaka kama anaweza. Ilitaka kujua kama atabaki. Na jibu lake, neno moja lenye mguu mmoja ndani na mwingine nje, lilithibitisha kile walichokuwa wanakihofia.

Utafiti unasema jambo hilohilo kwa takwimu. Mwaka 2018 mwanasosholojia Kate Weisshaar alichapisha jaribio alilolifanya Marekani, ambamo wasifu wa watu wa kubuni ulitumwa kwenye nafasi halisi zilizotangazwa. Wazazi wote katika jaribio walikuwa na sifa zinazolingana. Akina mama ambao bado walikuwa kazini waliitwa kwa kiasi cha asilimia 15. Waliopoteza kazi wakawa hawana ajira waliitwa kwa karibu asilimia 10. Waliosema walikaa nyumbani kulea waliitwa kwa karibu asilimia 5. Wawili hao wa mwisho wote wana pengo, kwa hiyo kutu ya ujuzi haielezi kwa nini mmoja aitwe mara mbili zaidi ya mwenzake. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja aliondolewa na mwingine aliamua kuondoka, na waajiri wanaadhibu uamuzi. Akina baba waliokaa nyumbani nao walikutwa na kipigo hichohicho katika jaribio lile.

Nasema wazi kwamba swali la "watoto wakiugua" si la haki. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sijakutana na baba wa watoto watatu aliyeulizwa hivyo na mtu aliyekuwa anapima kama anafaa. Mwaka 2007 Shelley Correll na wenzake walionyesha, nao huko Marekani, kwamba mama anaonekana hana moyo wa kazi kuliko mwanamke mwenzake asiye na mtoto ingawa sifa zao ni zilezile, na anapendekezewa mshahara mdogo zaidi wa kuanzia, wakati baba hapotezi kitu kwa kuwa na watoto. Lakini mama huyu hakuja kwangu kusikia kwamba ameonewa, hilo alilijua. Alihitaji njia ya kulipita swali litakaporudi, na lilikuwa na hakika ya kurudi.

Tulichokibadilisha

Tulianza na karatasi. Neno "radhi" lilitoka kwenye barua siku hiyohiyo. Uhasibu ulirudi ukurasa wa kwanza, na mahali pa tarehe za kila kazi tuliandika urefu: msaidizi wa mhasibu, miaka 3, mhasibu, miaka 4, mhasibu mwandamizi, miaka 2. Hili halikuwa wazo langu. Ariella Kristal na wenzake walilijaribu Uingereza kwa maombi yapatayo 9,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2023: wasifu unaotaja idadi ya miaka badala ya tarehe ulipata miito zaidi kwa takriban asilimia 8 kuliko ule ulioacha pengo wazi bila maelezo. Si tofauti ya kubadili maisha. Kwa mtu mwenye barua 37 za kimya, ni kitu.

Mama huyu alisita. Alihisi ni kuficha. Nami sipendi kuficha, kwa hiyo tulikubaliana kuweka mstari mmoja chini ya kazi zake: "2015 hadi 2023: malezi ya watoto kwa muda wote. Uamuzi wa kurejea kwenye uhasibu, Januari 2023." Nukta. Kuna washauri wanaowafundisha wanawake kujiita wasimamizi wa kaya au wakurugenzi wa familia. Mimi nalipinga hilo kwa nguvu zote. Kulea ni kulea. Ni kazi nzito yenye jina lake, na kulivika vazi la ofisi ni kukubali kwamba bila vazi hilo halina heshima.

Wakati tukiandika ndipo alipotaja, kama mtu anayejisemea, kwamba kwa miaka mitatu alikuwa mweka hazina wa kamati ya wazazi shuleni. Michango ya familia zaidi ya 200 ilipita mikononi mwake, alitoa stakabadhi, alifunga hesabu kila muhula, na hesabu zilikaguliwa bila hoja.

"Mbona haimo humu?"

"Sikulipwa," alisema.

Ilikuwa ndiyo nyaraka yenye nguvu kuliko zote alizokuwa nazo, ushahidi wa 2020 hadi 2023 kwamba bado ni mhasibu, na yeye aliiacha nje kwa sababu hakuna aliyemlipa. Tuliiweka juu, na mwenyekiti wa kamati akawa mdhamini wake wa kwanza.

Ujuzi nao tuliunoa, ila kwa kipimo. Nilitaka tujue kwa hakika ni nini kilibadilika alipokuwa hayupo, maana hofu isiyo na orodha haina mwisho. Kwa fani yake orodha ilikuwa fupi. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha IFRS 9 na IFRS 15, vinavyohusu zana za kifedha na mapato kutokana na mikataba na wateja, vilianza kutumika Januari 2018. IFRS 16, kinachohusu mikataba ya kupanga au kukodi mali, kilianza Januari 2019. Hicho cha mwisho ndicho kilichomsumbua. Alipoondoka, kampuni iliyopanga ofisi kwa miaka mitano iliandika tu kodi ya kila mwezi kama gharama, basi. Sasa haki ya kulitumia jengo inaingia kwenye mizania kama mali, na malipo yatakayofanywa yanaingia kama deni, kwa thamani ya leo. Alichukua mkataba wa kubuni wa miaka mitano akaupigia hesabu kwa kalamu, jedwali zima, mpaka deni likafika sifuri mwishoni mwa mwaka wa tano. Kazi yote hiyo, pamoja na fomula mpya za Excel, ilimchukua wiki sita za jioni. Kwa miezi mitano alikuwa ameamini kuna ukuta.

Daftari la wiki moja

Sehemu ngumu ilikuwa nyumbani. Nilimuuliza: shule ikipiga simu saa nne asubuhi kwamba mtoto ana homa, inampigia nani? Alinyamaza. Inampigia yeye, bila shaka. Na kama yuko kwenye kufunga mwezi? Hakuwa na jibu, na hapo tulielewa wote wawili kwamba "nitaangalia" haikuwa kuteleza kwa ulimi. Ilikuwa kweli tupu. Nyumba yake haikuwa imeamua kwamba yeye anarudi kazini. Aliyeamua alikuwa yeye peke yake.

Nilimwomba aandike kila jambo la nyumba analolibeba kichwani kwa wiki moja. Alirudi na daftari lenye mistari 64, lililopigwa safu kama leja: tarehe, jambo, aliyelikumbuka, aliyelitenda. Viatu vya wa pili vinabana. Kadi ya chanjo iko droo ya juu. Wa kwanza amekosana na rafiki yake, asiachwe arudi peke yake Alhamisi. Fomu ya safari inarudishwa Ijumaa. Kwenye safu ya aliyelitenda, jina la mumewe lilionekana mara 14. Kwenye safu ya aliyelikumbuka halikuonekana hata mara moja.

Baba watoto si mtu mbaya. Alipooneshwa daftari alilisoma hadi mwisho, kisha akasema, "Lakini mimi nasaidia." Ni kweli alikuwa anasaidia. Anayesaidia, hata hivyo, husubiri aambiwe, na anayeambia anabaki na mzigo wa kukumbuka. Walichukua wiki mbili, na ugomvi mmoja mkubwa ambao sikusimuliwa wote, kuhamisha vitu kabisa: afya ya watoto yote, kuanzia kadi hadi daktari wa meno, ikawa ya baba. Namba yake ikawa ya kwanza kwenye rejista ya shule. Wiki ya kufunga mwezi, baba ndiye mwenye zamu ya dharura. Jirani mmoja na dada wa mume wakaombwa rasmi, kwa siku zilizotajwa, bila kusubiri siku ya shida.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake milioni 708 duniani walikuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya kulea na kutunza, na wanaume milioni 40 kwa sababu hiyohiyo. Niliposoma takwimu hizo nilikumbuka ile safu ya aliyelikumbuka kwenye daftari. Shirika hilohilo, katika Mkataba namba 156 wa mwaka 1981, liliyataka mataifa yanayouridhia kuchukua hatua za kuwawezesha wenye majukumu ya familia kuingia kazini, kubaki, na kurudi tena baada ya kutoka kwa ajili ya majukumu hayo. Kurudi kumetajwa waziwazi. Ni zaidi ya miaka 40 sasa, na mwanamke bado anaandika "naomba radhi."

Baada ya hapo alituma maombi 11 kwa wiki saba, yote ya nafasi za kiwango chake. Aliitwa mara nne. Swali la watoto lilikuja katika usaili wa pili na wa nne. Jibu tulilolifanyia mazoezi lilikuwa fupi: "Mpango upo, na hautegemei mtu mmoja. Naweza kurudi kwenye ratiba yenu ya kufunga mwezi?" Alilitamka bila kutetemeka kwa sababu lilikuwa kweli. Nina hakika kama angelikariri bila lile daftari, sauti ingemsaliti.

Nafasi aliyoipata ilikuwa ya mkataba wa miezi sita, kuanzia Septemba, kumshikia mhasibu aliyekwenda likizo ya uzazi. Baadhi ya wenzangu hawazipendi nafasi hizi kwa kuwa ni za muda. Mimi nazithamini kwa anayerejea: kazi ni kamili, ya kiwango kamili, na ofisi tayari imekubali kwamba mtu anaweza kuondoka kwa ajili ya mtoto na kiti chake kikamngoja.

Kosa langu

Kuna jambo moja nililisahau, na limemgharimu. Sikumuuliza atataja mshahara gani. Walipomuuliza matarajio yake alitaja mshahara wake wa mwisho, wa 2015, kwa kuwa ndio alioujua. Wakakubali haraka, naye akafurahi. Chukua tu bei zinazopanda kwa asilimia 5 kwa mwaka: kilichouzwa 100 kinauzwa karibu 148 baada ya miaka minane. Mtu anayelipwa namba ileile ameshapoteza karibu thuluthi ya mshahara kabla hajakaa kwenye kiti.

Aligundua mwezi wa pili, alipokabidhiwa kuandaa mishahara. Mstari wa mhasibu aliyemshikia ulikuwa mbele yake kwenye skrini, na ulizidi wake kwa nusu. Alinipigia usiku. Hakulia. Aliongea polepole kama mtu anayehesabu.

Namba hiyo hakuweza kuitumia. Aliiona kwa sababu ya dhamana ya kazi, na mhasibu anayebeba mshahara wa mwenzake kwenda nao kwenye mazungumzo yake mwenyewe amejimaliza. Hilo alilisema yeye kabla yangu. Kwa hiyo alitafuta bei ya soko kwa njia safi: matangazo ya kazi yaliyotaja malipo, na simu kwa watu watatu aliowahi kufanya nao kazi, ambao hakuwa ameongea nao tangu aondoke. Wawili walimweleza waziwazi. Mmoja alimwambia, "Tulidhani hutaki tena kusikia habari za ofisi."

Machi 2024 yule mhasibu alirudi kutoka likizo. Mama huyu alikuwa amemwandalia faili la makabidhiano, mwezi kwa mwezi, pamoja na ukurasa wa IFRS 16 wenye mkataba wa jengo lao uliopigwa upya. Ofisi ilifungua nafasi ya pili, ya kudumu, na safari hii alipoulizwa alitaja kiwango cha soko kwa maandishi, sentensi mbili. Walishuka kidogo, wakakubaliana. Aliomba pia pengo la ile miezi sita lifidiwe. Walikataa, wakasema mkataba ni mkataba, na kisheria walikuwa sahihi. Fedha hiyo haikurudi.